Barua ya Tahiru kwa Ofisi ya Nairobi

Baba yangu aliandika barua moja tu baada ya kutoweka, na barua hiyo niliiandika mimi.

Jina lake Tahiru, dereva wa lori la jeshi. Mwezi wa tatu mwaka 1974 alikuja nyumbani kwetu Koboko kwa likizo ya siku sita, akatutengenezea mlango wa nyuma uliokuwa umelegea, akaondoka saa nne asubuhi kurudi kazini Kampala. Wiki tatu baadaye mtu aliyekuwa naye kambini alipita kwetu. Alikataa chai. Alisema, akiwa amesimama, kwamba Tahiru aliitwa jina kwenye gwaride pamoja na wengine saba, wakapandishwa gari, na gari likarudi tupu. Hakututajia hata jina lake mwenyewe. Tukabaki na habari isiyo na maiti, isiyo na kaburi wala karatasi.

Kwetu sisi Wanubi, mtu akifa hufanyiwa karama. Watu hula, dua husomwa, na siku ya arobaini husomwa tena. Baada ya hapo waliobaki wanaweza kumwita marehemu. Bibi yangu Kulusum, mama yake Tahiru, ambaye sote tulimwita Haboba kama tunavyowaita bibi zetu wote, alikataa karama.

"Nani amekufa?" aliwauliza wazee waliokuja kumshauri. "Mimi naona mutu hajarudi tu. Ninyi mnataka wali, semeni mnataka wali, nitawapikia. Lakini dua hapana."

Wazee waliondoka bila kula. Kuanzia juma lile, kila Ijumaa Haboba alimwekea mwanawe sahani ya chakula chini ya tabaga, lile kawa la ukili wa rangi ambalo wanawake wetu husuka wenyewe. Jumamosi asubuhi chakula kilimwagiwa kuku. Mama yangu, Medina, hakuwa mke na hakuwa mjane. Akialikwa harusi alikuwa anauliza kwanza wengine watavaaje, kisha anabaki nyumbani.

Tuliishi hivyo miaka mitatu. Nyumba ilikuwa na mtu wa nne, nasi tulijifunza kumpisha.

Mwaka 1977 ikaja bahasha nene kutoka kwa baba yangu mdogo, Sulaiti. Sulaiti alikwenda Kanada kusomea ufundi kabla ya mambo kuharibika, akapata kazi kwenye karakana ya mabehewa mjini Winipegi, akaoa huko, akakaa. Alikuwa na binti wa miaka minne aliyempa jina la mama yake. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya huyo Kulusum mdogo akiwa amevaa makoti mawili, na fomu za kumwombea Haboba kibali cha kumtembelea mwanawe kwa miaka miwili.

Haboba aliileta ile picha karibu na uso wake mpaka pua ikagusa karatasi. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, wa kulia zaidi ya wa kushoto.

"Iko na pua ya nani?" aliuliza.

"Yako, Haboba," mama akamjibu.

"Uongo. Mnasema tu kwa sababu mimi sioni."

Sulaiti alikuwa ameandika kwamba daktari wa Winipegi anaweza kuondoa ule ukungu kwa siku moja, lakini usingojewe sana. Tulimpeleka Haboba kwa mganga wa hospitali huku kwetu, naye akasema hivyo hivyo: jicho la kulia limechelewa, la kushoto lina mwaka mmoja, pengine miwili, na vifaa vya kazi hiyo yeye hana. Kwa hiyo hatukuwa tunaomba matembezi. Tulikuwa tunaomba jicho moja, kabla halijafunga.

Kazi ya karatasi ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku Arua, na hakuna mtu kati ya Arua na Koboko aliyenizidi kwa kalamu. Nililisema hilo waziwazi na wachache walibisha. Nilijifundisha tungo peke yangu, nikihesabu mizani kwa vidole juu ya magunia. Watu walinijia wakitaka maneno ya harusi, maneno ya kuomba msamaha, maneno ya kumrudisha mke aliyerudi kwao Manibe akiwa na hasira. Nao wake walirudi. Nikaamini kwamba hakuna mlango ambao maneno yangu hayawezi kuufungua.

Nilimpeleka Haboba studio ya Arua kupigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha alimwambia mara tatu atazame kamera, na mara tatu Haboba akatazama mlango.

"Mama, huku! Mimi niko huku!"

"Wewe nimekusikia," Haboba akasema. "Namtazama yule anayeingia."

Nilitazama mlango. Hakukuwa na mtu. Mpiga picha naye alitazama, kisha akapiga picha haraka bila kuhesabu. Katika picha ile Haboba anatabasamu kidogo, akiangalia pembeni, na ofisi ya pasipoti iliikubali.

Tulituma fomu Nairobi, kwenye ofisi iliyoshughulikia maombi ya kwenda Kanada. Miezi miwili baadaye likaja jibu, la heshima kabisa. Walisema kwamba katika karatasi zake za zamani Sulaiti aliandika kuwa mama yake ana wana wawili, yeye na Tahiru, na kwamba Tahiru ndiye mkuu wa nyumba ya Koboko. Mgeni wa muda mrefu anapaswa kuonyesha kwamba ana nyumba ya kurudia na mtu wa kumpokea. Basi waliomba moja kati ya mambo mawili: barua ya Tahiru ikithibitisha kwamba atatunza nyumba na kumpokea mama yake atakaporudi, au, kama Tahiru amefariki, cheti cha kifo.

Nilikwenda kwa karani wa vyeti. Huyo ni Ocama, mtu mfupi mwenye sweta jua kali, aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye kitabu chake kabla ya kukifungua na baada ya kukifunga.

"Nataka cheti cha kifo cha Tahiru wa Koboko," nilisema.

"Amekufa lini?"

"Mwaka sabini na nne."

"Kwa ugonjwa gani?"

Nilimwambia hakuugua. Ocama aliinua kichwa, akanitazama, kisha akatazama dirisha lililokuwa wazi, akaenda kulifunga.

"Kijana. Mazishi ilikuwa wapi?"

"Hakukuwa na mazishi."

"Karama?"

"Haikufanywa."

"Sasa wewe unakuja kuzika mutu kwa kitabu yangu? Hapa kwa kitabu yeye iko mzima. Analipwa mshahara au hapana, mimi sijui, lakini iko mzima." Alishusha sauti. "Nikiandika amekufa, kesho mutu atauliza, nani alimuua? Wewe utajibu? Ama mimi?"

"Andika ukweli! Kazi yako ni nini?" Nilipiga meza kwa ngumi, na kitabu kikaruka.

Ocama hakukasirika. Alipuliza kitabu. "Ngumi yako weka mfukoni," alisema. "Baba yako alikuwa na ngumi kubwa kuliko hiyo. Nilimjua."

Nilirudi Koboko nikiwa nimewaka. Mama alikuwa uani akichambua mchele. Nilimweleza. Alisema kwamba tukifanya karama, shehe ataandika kwa mkono wake kuwa kifo kimetangazwa, na pengine Nairobi watapokea. Alilisema bila kunitazama, na nilijua anajiombea yeye mwenyewe pia. Tulikwenda pamoja kwa Haboba.

"Kwa ajili ya jicho langu nimuue mtoto?" Haboba aliuliza. "Medina, wewe umechoka. Mimi sikulaumu. Lakini ngoja nife mimi kwanza, halafu mtapika wali yetu pamoja."

Ijumaa iliyofuata, watu walipokuwa msikitini adhuhuri, nilikaa kwenye meza ya baba na kuandika barua yake.

Nilikuwa na sahihi yake kwenye kitambulisho cha zamani, na nilikuwa na mkono mwepesi. Mambo ambayo ofisi ilitaka yangetosha katika mistari minne: mimi Tahiru, mwana wa Kulusum, nitatunza nyumba, nitampokea mama yangu. Kama ningeishia hapo, Haboba angekuwa anaona leo. Lakini nilipoandika "mimi Tahiru" mkono haukutaka kusimama. Nikaona aibu kumtolea baba yangu maneno ya karani. Nikamfanya aeleze paa atakaloliezeka upya, mlango wa nyuma alioutengeneza na ambao bado unastahili kukaguliwa, jinsi atakavyosimama barabarani mama yake akishuka kwenye gari. Mwishoni nikaandika: "Na siku utakaporudi, mama, nitakuvalisha kitambaa cha bluu." Nikausoma mstari huo kwa sauti. Bluu ilikatika vibaya, ikanikwaza sikioni. Nikaifuta, nikaandika njano. Njano ilikaa vizuri. Ndiyo sababu pekee ninayoijua.

Fomu iliyokuja na jibu la Nairobi ilitaka mwombaji atie kidole gumba chini ya maneno yanayosema kwamba amesomewa karatasi zote zinazoambatana. Ningeweza kuiruka barua ile; nani angejua? Lakini nilikuwa nimeandika kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na nilitaka kusikika. Hiyo ndiyo kweli, na sina njia ya kuipamba. Nilimwambia mama kwamba nitamweleza Haboba kwanza: hii ni karatasi ya ofisi tu, usiitie moyoni. Kisha nikakaa mkekani, nikafungua barua, nikasoma, "Mama yangu Kulusum," na Haboba akanyoosha mkono wake hewani, kiganja wazi, kama mtu anayepima mvua. Nikashindwa kueleza. Nikasoma mpaka mwisho.

Hakulia. Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Soma tena hapo kwa kitambaa," alisema.

Nikasoma tena.

"Nani alikuambia njano?"

"Imeandikwa hivyo, Haboba."

"Siku ile anaondoka," alisema polepole, "alikuja kwa mlango ya nyuma. Medina alikuwa kwa bomba. Wewe ulikuwa Arua. Akaniuliza, mama, nikirudi nikuletee kitambaa rangi gani? Nikamwambia njano. Akacheka, akasema mama, wewe mzee sasa, njano ya nini? Nikamwambia ili unione kwa mbali ukifika. Hiyo maneno ilikuwa ya watu wawili. Mimi na yeye."

Mama aliinuka akaingia ndani. Mimi nilitazama ukutani, zilikotundikwa tabaga za Haboba, nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi. Alisuka tabaga maisha yake yote. Zile za kabla ya mwaka 1974 zilikuwa na njano. Zile za baadaye hazikuwa nayo hata uzi mmoja, na miaka yote hiyo sikuwahi kuliona jambo hilo. Au labda jicho liliona na halikuniambia. Nimejishikilia kwenye wazo hilo mara nyingi, lakini halinibebi.

Haboba alitia kidole gumba kwenye fomu. Alikitia kwa nguvu, karatasi ikakunjika kidogo. Nikatuma.

Kuanzia siku hiyo alianza kazi. Alitoa godoro la Tahiru juani. Alimwita fundi apime lile paa la chumba cha nyuma, kwa sababu barua ilisema litaezekwa upya. Sahani ya chini ya tabaga haikungoja Ijumaa tena. Iliwekwa kila siku, na mara mbili nilikuta imeliwa kidogo upande mmoja. Bila shaka ni kuku, nilisema. Mama akasema kuku hawawezi kufunua tabaga na kuirudisha juu.

Mama alinikamata siku moja kwenye njia ya kisima. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nimebakiza kidogo," alisema. "Kidogo tu, mwanangu, nikubali. Sasa na mimi nasikia mlango wa nyuma. Umenirudishia mume ambaye siwezi kumpikia wala kumzika. Maneno yako mazuri. Mungu akusamehe huo uzuri."

Kibali kilifika Arua mwezi wa pili mwaka 1978. Miaka miwili, kilisema, kwa Kulusum, mama wa Sulaiti. Sulaiti alikwisha kupanga ndege. Nilipanda gari la kwanza kwenda Koboko na bahasha ile nikiwa nimeishika kifuani kwa mikono miwili. Haboba alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda chake kinachotazama barabara.

"Kibali kimekuja, Haboba. Unakwenda kwa Sulaiti. Unakwenda kuona."

"Alhamdulillahi," alisema. "Mwandikie Sulaiti, mwambie asante. Mwambie amlete mtoto huku. Mimi siendi."

Nilidhani anatania. "Huendi vipi?"

"Tahiru amesema atakuja. Akija, nani atafungua mlango? Medina siku hizi anaogopa huo mlango."

"Haboba, jicho halingoji! Daktari alisema mwaka mmoja, na mwaka umekwisha!"

"Nimengoja mtoto miaka minne. Jicho nalo lingoje."

Hapo nilipiga magoti mbele yake. Kiburi chote nilichokuwa nacho nilikiweka chini kwenye vumbi. "Haboba, nisikilize. Ile barua niliandika mimi. Mimi Wani. Kwenye meza ile, Ijumaa, mko msikitini. Baba hakuandika kitu. Baba amekufa."

Alinyoosha mkono akanipapasa uso, kwenye paji, kwenye pua, kwenye mdomo, hata vidole vyake vikatulia kwenye midomo yangu na kuifunga.

"Mkono ni wako," alisema. "Mimi kipofu kidogo, si mjinga. Karatasi ilikuwa inanuka tumbaku ya ghala lako. Mimi nilikuuliza kitu kimoja tu. Njano ulitoa wapi?"

Nilifungua mdomo chini ya vidole vyake na hakuna kilichotoka, mimi ambaye sikuwahi kukosa neno.

"Basi," alisema. "Yeye alipita kwako kwa sababu wewe iko na kalamu. Usijivune wala usilie. Ingia ndani ule."

Kibali kilikaa sandukuni. Jicho la kushoto lilifunga kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Sulaiti aliandika barua tatu za hasira, zote kwangu, na zote zilikuwa za haki. Mimi niliacha tungo. Watu walikuja na harusi zao, na wake zao waliokasirika, nikawaambia watafute mwingine. Niliogopa kuandika neno nisilojua linatoka wapi.

Mwezi wa tano mwaka 1979 vita vilikuwa vinapanda kuelekea kwetu, na Koboko yote ilikuwa inafunga mizigo. Watu walivuka kwenda Sudan kwa njia ya Oraba, wengine na mbuzi, wengine na milango ya nyumba zao vichwani. Mama alikuwa amefunga vitu vyetu kwenye shuka mbili. Haboba aliketi kigodani akakataa kuinuka.

"Tutakubeba," nilimwambia.

"Utambeba mutu mzima anapiga kelele mpaka Sudan? Watu watacheka." Kisha akasema, "Iko na kalamu?"

"Ninayo."

"Mwandikie. Halafu nitakwenda."

Mama alisimama na mzigo wake kichwani. Nilidhani atanikataza. Alitua mzigo, akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa ni bahasha ya kibali, ile ile, nayo ilikuwa safi upande wa nyuma.

Nikaiweka juu ya goti. Safari hii sikuhesabu mizani. Niliandika alivyosema Haboba, neno kwa neno, kama karani: Tumekwenda Sudan, njia ya Oraba. Maji iko kwa mtungi. Paa la nyuma limetengenezwa. Medina iko nasi na Wani iko nasi. Mlango hatukufunga.

"Niongeze nini?" niliuliza.

Haboba alifikiri. Barabarani watu walikuwa wanapita bila kusemezana, na macho yake meupe yaliwafuata kwa sauti ya miguu, mmoja mmoja, kama anayechagua.

"Mwambie asihangaike kutafuta kitambaa," alisema. "Aje na rangi yoyote. Mimi sitamwona kwa mbali tena. Mwambie atanijua yeye."

Niliandika hivyo hivyo. Mama alichukua bahasha, akaiweka chini ya tabaga, juu ya sahani ya siku ile, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile barua nilimwona akiusukuma mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe mpaka ukawa wazi kabisa.